Mlango wa Bi. Saadiya

Fundi Dawud aliitukana saruji kama wengine wanavyoitukana serikali, bila kupumzika na bila kutarajia kujibiwa. Kila kipande alichokibandua ukutani alikiinua, akakitazama kwa chuki, kisha akakitupa kwenye karai.

"Mtu alopaka hii kwenye ukuta wa matumbawe, Mola amsamehe, maana mimi siwezi," alisema. "Ukuta huu wataka chokaa, upumue. Umeufunika kwa saruji, watokwa ni jasho kwa ndani. Siku moya utakuangukia, useme ni jini."

Swafiya alimsikiliza nusunusu. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, karatasi tatu mapajani. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne kule Kizingitini, na likizo yake yote ilikuwa imeishia kwenye nyumba hii na vumbi lake. Karatasi zile zilikuwa ushahidi wa wazee watatu wa mtaa. Wote watatu walikuwa watu wa heshima, wanaoogopa kusema uongo, na wote watatu walikuwa wamemmaliza.

Nyumba ilikuwa ya Bi. Saadiya binti Mabruki, dada wa babu yake Swafiya. Nyanya yake Bi. Saadiya alinunuliwa akiwa mtoto, akaletwa Amu, mji wa Lamu, kutumika katika nyumba kubwa ya jirani. Mabruki, baba yake, akawa fundi wa mawe, akapewa kiwanja kilichogusana na nyumba ile kubwa, akajenga. Naye Saadiya aliiba herufi. Alikuwa akipeleka maji kwenye chuo cha Kurani cha watoto wa kiume, akichelewa makusudi kumimina, mpaka akajua kuandika kuliko wenye kufundishwa. Kisha, katika miaka ambayo msichana wa Amu aliruhusiwa kusoma msahafu lakini kalamu akanyimwa, asije akawaandikia wanaume barua, aliwakusanya wasichana katika chumba hiki cha ghorofani akawafundisha kuandika na kuhesabu. Hakuolewa wala hakuzaa. Aliacha nyumba hii na hadithi hiyo, na sasa vyote viwili vilikuwa vinabomoka.

"Hadithi haitoshi," Nkatha alikuwa amemwambia. Nkatha alikuwa afisa wa kamati ya majengo ya kale, mwanamke wa Meru aliyezoea kupanda ngazi za Amu bila kuhema. "Mwalimu, mimi nakuamini. Lakini fomu haina mahali pa kuandika 'Nkatha anaamini'. Niletee mtu aliyeona. Kamati inakuja Alhamisi. Ikiandikishwa kama shule ya kwanza ya wasichana hapa mtaani, hakuna atakayeigusa. Isipoandikishwa, ni nyumba tu kama zingine."

Na nyumba tu ilikuwa na mnunuzi. Binamu yake Swafiya, Fawaz, alikuwa amekubali kusubiri mpaka Ijumaa, asizidi hapo. Mnunuzi alitaka kuvunja sakafu za ndani achimbe bwawa la kuogelea. Fawaz hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuziba paa la nyumba asiyokaa, na hadithi za dada wa babu hazikuwa zikimsaidia mvua iliponyesha.

Kwa hiyo Swafiya alikwenda kwa wazee. Mbele ya kila nyumba ya namna hii kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabenchi ya mawe, na wanaume wa mtaa huketi hapo tangu enzi na enzi wakihesabu wapitao. Paka akipita watakwambia ni wa nani na jana alikula wapi. Bwana Mohdhar, mkubwa wao, alijibu bila kusita.

"Mwanangu, ujana wangu wote, kabla ya kwenda Kuwait, n'likuwa dakani hapa, tangu yua kutoka hata Magharibi. Mtoto wa kike hata mmoya sikupata kumuona akingia kwa Saadiya. Siwezi kusema n'sichokiona."

Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu naye, na akaongeza kwamba Bi. Saadiya alikuwa mfuaji mzuri sana wa nguo.

Sasa ilikuwa Jumanne. Swafiya alizikunja karatasi zake, akazikunjua, akazikunja tena. Ndipo sauti ya nyundo ilipobadilika. Dawud aligonga mara ya pili, akaweka sikio ukutani. Alikuwa mbele ya kidaka kikubwa, shimo la ukutani la kuwekea vyombo, kilichokuwa kibaya kuliko vidaka vyote chumbani.

"Hiki si kidaka," alisema.

Walibandua saruji pamoja, mwalimu na fundi, na kwa mara ya kwanza siku ile Dawud alinyamaza. Ilitokea miimo miwili ya mti mgumu, na juu yake kizingiti kilichochongwa, na katikati mawe yaliyopangwa ovyo na mtu mwenye haraka.

"Mlango," Swafiya alisema. "Wa kwenda wapi?"

"Kwa Bi. Hayat, nyumba kubwa. Huo ndio mlango waliopitia kina Mabruki kwenda kutumika." Dawud alijifuta uso. "Wewe umekulia Kizingitini, hujui nyumba za huku. Zote zilikuwa na milango ya wanawake, hii kwa hii, na pengine wikio, kile chumba cha darajani kipitacho yuu ya ndia. Nyanya yangu alikuwa akitoka kwao mpaka nyumba ya nane hakukanyaga ndia. Mwanamke wa heshima aende ndiani afanye nini?"

Swafiya alijipiga kipaji. Mwezi mzima alikuwa akiwauliza wanaume waliokaa njiani habari za wasichana ambao hawakupata kupita njiani.

Alinawa uso, akavaa buibui safi, akaenda kwa Bi. Hayat.

Ukoo wake haukuwa umekanyaga nyumba ile kubwa kwa miaka mingi, na hakuna aliyejua hasa ugomvi ulikuwa wa nini. Bi. Hayat alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili. Aliishi ghorofani na mwanawe Kamaludin, na magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi tangu mwaka juzi. Alimpokea Swafiya kwa kahawa na halwa, akamuuliza habari za samaki na kamba wa Kizingitini, mpaka Swafiya alipotaja mlango. Hapo kikombe kikarudi siniani.

"Nani kakwambia?"

"Ukuta wenyewe, Bi. Hayat. Ulisoma pale?"

Bi. Hayat aliisukuma sinia kando.

"Miaka mitatu," alisema. "Tulikuwa kumi na moya. Wangine wakipitia kwetu, wangine kwa wikio. Kisha babangu akaiona barua yangu. N'limwandikia mama mkubwa, yuko Mambasa, kumwambia mume n'liyetafutiwa simtaki. Mistari mine tu. Babangu akanisimamisha pale pale mlangoni, na Mwalimu Saadiya amesimama upande wa nyumba yake, ameshika vibao vyetu. Akaniuliza, nani alokufunda kuandika?" "Nikamtazama Mwalimu usoni. Nikasema, sina mwalimu. Huyu simjui ila kwa kutufulia nguo."

Swafiya aliona aibu, akaona na hasira, na hakujua ipi imetangulia.

"Mwalimu alisema nini?"

"Hakusema. Alivitia vibao kikapuni akarudi kwake. Siku ya tatu mlango ukazibwa."

"Na mume?"

"N'liolewa naye." Bi. Hayat alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Hakuwa mbaya. Lakini hilo silo."

"Basi njoo Alhamisi, Bi. Hayat. Useme haya haya mbele ya kamati. Ukisema wewe, nyumba imepona."

"N'nende nikawaambie watu kuwa n'limkana alonifunda? Miaka sitini na minane nimelifunga hili kifuani. Na maguu haya hayashuki ngazi, yatapandaje zenu? Niwate, mwanangu."

Swafiya alisimama. Alikuwa amelelewa vizuri, na hakuwahi kumjibu mkubwa, lakini maneno yalimtoka kabla hajayashika.

"Basi aliyeuziba mlango ule si babako. Ni wewe."

Alishuka ngazi mbio. Njia nzima alijilaumu. Ushahidi alikuwa nao mkononi, akautupa kwa ulimi wake mwenyewe, na tena kwa ajuza asiyeweza kumfuata amkemee.

Alhamisi kamati ilifika saa nne: Nkatha na wanaume wawili wenye mikoba. Fawaz alikuwepo, simu mkononi, mnunuzi akisubiri upande wa pili wa simu. Bwana Mohdhar alipandishwa ghorofani akapewa kiti, na wazee wenzake wakabaki chini dakani, kazini. Swafiya alionyesha mlango uliozibwa, akaeleza habari ya milango ya wanawake. Alieleza vizuri, kama afundishavyo, lakini alisikia mwenyewe kwamba hakuna alichothibitisha.

"Mlango ni ushahidi wa mlango," mmoja wa wale wawili alisema kwa upole. "Shule je? Jina la mwanafunzi hata mmoja?"

Swafiya alilijua jina. Kulitaja lilikuwa jambo la sekunde moja. Lakini siri ile alipewa juu ya kahawa, katika nyumba ya mtu, na hakuwa na ruhusa ya kuitoa.

"Sina la kusema," alijibu.

Nkatha aliinamisha macho kwenye fomu yake. Fawaz alipeleka simu sikioni. Ndipo ukuta ulipogongwa.

Uligongwa kwa upande wa pili, mara tatu, kwa chuma. Vumbi la chokaa likamwagika, jiwe moja likaanguka ndani ya chumba, na kupitia tundu lake ikaonekana ncha ya mtaimbo.

"Taratibu!" Dawud alipiga kelele. "Ewe Kamaludin! Mawe ya yuu kwanza, utatuangushia boriti!"

Alikimbilia ukutani akaanza kuyapokea mawe kwa mikono, na Swafiya naye akaingia vumbini na buibui lake jipya. Mawe yaliisha upesi, maana yalipangwa kwa haraka. Ilipobaki safu moja ya mawe sakafuni, Kamaludin alijitenga pembeni, na Bi. Hayat akatokea, amevaa kama anakwenda arusini, fimbo mkono mmoja. Aliinua mguu juu ya safu ile polepole, akavuka. Sakafu zilikuwa sawa. Hakukuwa na ngazi hata moja.

Hakumsalimu mtu. Alitazama chumba, akatembea mpaka chini ya kidaka cha tatu, akajiinamisha kwa taabu mpaka akaketi chini sakafuni, ingawa viti vilikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akiutazama ukuta mtupu wa mbele.

Nkatha alimsogelea. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, naomba nikuulize kwa ajili ya fomu. Nani alikufundisha kuandika?"

Swafiya alisogea karibu.

"N'liulizwa swali hili zamani, nikajibu uongo," Bi. Hayat alisema, na sauti yake ilisikika chumba kizima. "N'limkana mbele ya uso wake. Yeo naulizwa tena, alhamdulillahi. Mwalimu wangu ni Saadiya binti Mabruki. N'likaa hapa. Hapa kando yangu alikaa Safaa, dadake huyu." Alimwelekezea fimbo Bwana Mohdhar.

"Dadangu?" Bwana Mohdhar alisema. "Dadangu hakujua kuandika."

"Ulipokuwa Kuwait, barua za mamako ukizipata?"

"Kila mwezi. Maalimu wa msikitini ndiye aliyekuwa akimwandikia."

"Maalimu!" Bi. Hayat alicheka mpaka akakohoa. "Mamako angemtajia maalimu kuwa ulikuwa ukikojoa kitandani hata miaka tisa? Barua ipi ilikosa kukutania kwa hilo? Safaa akinisomea zote."

Kamaludin aligeuka akatazama ukuta. Bwana Mohdhar alisimama nusu, akaketi tena. Kisha macho yake yakajaa machozi, mzee wa watu, na hakuyafuta.

"Safaa," alisema. "Miaka kumi na miwili zile barua. Sikupata kumwambia ahsante."

Nkatha alimpa Bi. Hayat fomu na kalamu. Aliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, herufi zimekaa sawa: jina la mwalimu, na chini yake jina lake, na chini yake majina mengine kumi. Wanaume wa mikoba walisubiri mpaka alipomaliza. Fawaz alikuwa ameizima simu. Alikuwa akiyapanga mawe pembeni, moja juu ya moja.

"Yasirudi pale," alisema kwa kunung'unika, asimtazame Swafiya. "Nitatafuta fundi wa mlango."

"Nimekukosea adabu juzi, Bi. Hayat," Swafiya alisema alipomwinua. "Unisamehe."

"Ungekuwa umesoma kwa Mwalimu, ungenambia mapema zaidi." Bi. Hayat alimshika mkono kwa nguvu. "Nipeleke."

Swafiya alimgeuza kuelekea tundu la ukutani, lakini mzee akakaza fimbo sakafuni.

"Si huko. N'shushe kwa ngazi, nitokee mlango wa mbele."

"Magoti yako, mama!" Kamaludin alisema.

"Ni yangu."

Walishuka ngazi kumi na tisa kwa muda wa kuchemsha chungu cha maharagwe, Swafiya mbele, Kamaludin nyuma, na kila ngazi Bi. Hayat alisimama akavuta pumzi. Chini wakavuka ukumbi mpaka kwenye mlango mkubwa. Nje, dakani, wazee walikuwa wameketi mahali pao pa siku zote, na mazungumzo yakakatika walipomwona ni nani.

Bi. Hayat alisimama juu ya kizingiti, katika jua, akawatazama mmoja mmoja.

"Natoka shule," aliwaambia. "Mumeniona?"

Wazee wakasimama wote, wakampisha.