Mita Mia Tatu za Mama Nyangi

Skolastika alirudi kutoka Bunda amefura kwa hasira, vumbi la barabara bado liko kwenye nyusi, akaingia ofisini kwa bosi wake, Bwana Apolinary, bila kubisha hodi. Mwaka huo wa 1994 watu binafsi walikuwa wamesharuhusiwa kununua pamba, na kampuni ya upimaji ya Apolinary, pale Musoma, ilipewa kazi ya kuweka mipaka ya kiwanja cha kinu kipya cha kuchambulia pamba kule Bunda. Kiwanja kilikuwa kusini mwa boma la Mama Nyangi. Sasa bikoni, vile vigingi vya mpaka, zimesimama nyuma ya jiko lake, na trekta la kusawazisha kiwanja linakuja Jumatatu.

"Mwanangu," mama yule alikuwa amemwambia Skolastika kule Bunda, "watoto wangu wawili nimewazikaga hapa hapa. Nihame nao vipi?"

Upumbavu gani huu! Wapimaji walichukua namba kwenye ramani ya zamani, wakazitia kwenye kipimio kipya cha setilaiti vile vile zilivyo. Ramani ile inaihesabu dunia kwa namna yake, na setilaiti kwa namna yake. Usipogeuza namba, kila bikoni inaruka mita mia tatu kaskazini. Skolastika alikwisha kuandika programu ya kuzigeuza, mistari kumi na minne tu, ndani ya kompyuta waliyoifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Hakuna aliyejisumbua kuiendesha.

"Mashine imetoka Ulaya," Apolinary alisema. "Wewe ndiye wa kuikosoa?"

Skolastika akakitupa kitambaa sakafuni. Akaingiza namba za kanisa la kijijini kwa Apolinary, zile za ramani ya zamani, bila kuzigeuza; nukta ikatokea kwenye kioo, katikati ya maji.

"Kwa hesabu yenu, Bosi, altare mliyoichangia iko ziwani. Tazama sasa nikigeuza." Nukta ikarudi nchi kavu.

Apolinary alikikodolea macho kioo. Alielewa; Skolastika aliona wazi kuwa ameelewa.

"Ya kanisa rekebisha," akasema. "Hiyo ya Bunda iache. Mwenye kinu ameshapapenda."

Skolastika alitamani kumzaba kofi. Akaamuru printa itoe namba sahihi za Bunda, nakala nne.

"Nne za nini?"

"Moja ya Mama Nyangi. Moja ya mkuu wa wilaya. Moja ya padri wako. Hii yako, Bosi. Jumatatu njoo nayo, usimame mbele ya trekta, umwonyeshe dereva aanze na kaburi lipi."