Mpira Chini ya Kifuniko

Oyugi alikuwa mtu wa kusema neno likashika. Pale Luanda Kotieno, kwenye steji ya bodaboda karibu na ufuo wa samaki, yeye ndiye mwenyekiti, na akishasema jambo hakuna aliyejisumbua kulichunguza. Hilo ndilo lililoponza watu, na hakuponzeka yeye peke yake.

Alikuwa amenunua pikipiki ya injekta, ile isiyo na kabureta, ambayo pampu yake hukaa ndani ya tangi na kusukuma petroli hadi kwenye injini. Wenzake waliizunguka siku nzima wakiishika huku na kule. Mwezi haukuisha ikaanza vituko. Akiwa na makreti ya samaki nyuma, katikati ya safari ya Maseno, inakohoa, inalegea, inazima. Oyugi anashuka akilaani, anafungua tangi kuchungulia, anakuta petroli tele. Anafunga, anawasha, inawaka bila tatizo. Mbele kidogo, mchezo ni ule ule. Alibadilisha plagi, akabadilisha kichujio, hata injekta akaitoa na kuipuliza kwa mdomo, akijifanya fundi. Wapi!

Hapo ndipo alipomgeukia Beldina.

Beldina alikuwa mjane aliyeuza petroli kwa chupa kwenye meza ndogo mkabala na steji. Alimwita Oyugi wuoda, mwanangu, wala hakuwa anatania, kwa maana Oyugi ndiye aliyempeleka kanisani kila Jumapili. Asubuhi moja, mbele ya waendeshaji wote, Oyugi alimwambia kwamba anachanganya petroli na mafuta ya taa. Mama yule hakupandisha sauti.

"Umeniona nikichanganya, wuoda?"

"Sijakuona, Mama. Lakini pikipiki haiwezi kusema uongo."

Maneno matamu hayo, na watu waliyapenda. Yalizunguka ufuo mzima kabla ya jua la mchana. Wateja wakaanza kwenda kujaza kwenye kituo cha mafuta, mbali kule, na chupa za Beldina zikabaki mezani zikipigwa na jua. Mwishowe meza yenyewe ikaondoka, naye akaonekana ufuoni akitoa magamba ya samaki wa wengine.

Na pikipiki je? Iliendelea kuzima. Oyugi alijaza kituoni, ikazima vile vile. Mtu wa haki angesimama hapo ajiulize. Yeye aliona haya kurudi nyuma, akatangaza kwamba uchafu wa Beldina ungali ndani ya paipu.

Mambo yalipomfika shingoni aliipeleka Kisumu, kwa fundi Sagar, ambaye gereji yake aliirithi kwa babake. Sagar alifungua swichi, akatega sikio, akasikia pampu ikiimba vizuri. Akafunga geji kwenye paipu ya petroli, presha ikawa sawa. Akaiacha injini ingurume muda mrefu huku akisimulia jinsi mafuriko yalivyomfungia njia Ahero. Taratibu, mshale wa geji ukaanza kushuka. Injini ilipokaribia kuzima, Sagar alifungua kifuniko cha tangi. Hewa iliingia kwa mluzi, na mshale ukapanda.

"Tangi haipumui, bwana," alisema. "Petroli inatoka lakini hewa haiingii, pampu inavuta mpaka inashindwa."

Akageuza kifuniko. Chini yake palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa duara safi, kimeziba kitundu cha hewa. Aliuliza ni nani aliyeweka kitu hicho.

Oyugi alimjua. Jumapili moja petroli iliruka kutoka kwenye kifuniko ikachafua gauni jeupe la Beldina. Waliporudi, Oyugi mwenyewe aliukata mpira ule juu ya meza ya mama, kwa mkasi wa mama, akakiziba kitundu, na mama akacheka akisema kwamba ana mtoto mwenye akili. Oyugi aliketi juu ya tairi kuukuu, akajichukia kweli kweli. Njia nzima ya kurudi pikipiki haikukohoa hata mara moja, na kila kilomita ilimuuma.

Alimkuta Beldina ufuoni, mikono imejaa magamba. Akachutama, akamweleza yote, akampa ule mpira. Beldina aliugeuza geuza vidoleni.

"Mimi petroli yangu naijua," alisema. "Waambie wao."

Basi akaenda steji, akawaambia bila kuficha. Walter, mwendeshaji wa siku nyingi, akamshika bega.

"Mwenyekiti, wacha hiyo maneno. Wewe unamhurumia tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia harufu ya mafuta ya taa."

Mwingine akasema petroli ya Beldina iliwahi kumuulia plagi. Wa tatu akasema aliwahi kuionja kwa ulimi. Oyugi aliapa, akasema uongo ule aliutunga yeye, na jinsi alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumsifu kwa moyo wake mzuri. Wala hawakuwa wakimdanganya. Waliamini kabisa kwamba walisikia harufu hiyo, na aliyewatia harufu hiyo puani ni yeye.

Alipogeuka alimwona Beldina amesimama nyuma yake na ndoo ya samaki. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, panda nikupeleke nyumbani," Oyugi alimwomba.

Beldina alitikisa kichwa, akahamisha ndoo mkono wa pili, akashika njia kwa miguu. Oyugi alibaki na pikipiki yake, nayo ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa.