Barua ya Kambi

Antipasi alipopunguzwa kazi ya reli kule Itigi mwaka 1994, alirudi kwao Sepuka na godoro, redio na sanduku moja la nguo. Mtu aliyemwogopa kuliko wote pale kijijini alikuwa Luciana, binti wa Mzee Philipo.

Miaka saba nyuma walikuwa wachumba. Kila asubuhi walikimbia pamoja kwenye barabara ya mchanga inayokwenda Ikungi. Kisha, bila ugomvi wowote, Antipasi akaondoka na hakuandika hata mstari mmoja. Luciana hakujua sababu. Walikuja wanaume wawili kumposa, akawakataa wote, akabaki kwa baba yake akilima alizeti. Mbio hakuziacha.

Wiki ya pili walikutana njiani. Luciana alikuwa amevaa raba za mitumba, ya kushoto imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Umenenepa," alimwambia, akampita.

"Nisubiri basi!"

"Nilishakusubiri."

Lakini alipunguza mwendo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, kulikuwa na mashindano ya mkoa mjini Singida. Washindi wawili wa mita elfu tatu wangeitwa kambi ya taifa. Luciana alikuwa na miaka ishirini na tisa na alitaka kujaribu. Antipasi akawa anampimia muda kwa saa yake ya mkononi. Kufika mwezi wa nne walikuwa wakicheka kama zamani. Asubuhi moja, wakipumzika juu ya jiwe, Luciana aliegemea bega lake.

"Ukiondoka tena, usirudi," alisema.

Antipasi alimtuma baba yake mdogo, Gervas, kupeleka posa upya. Mzee Philipo akakubali.

Siku ya mashindano Luciana aliongoza mizunguko sita. Kwenye wa saba akaanza kuchoka. Antipasi, akiwa nyuma ya kamba, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kona ya mwisho wasichana wawili wa sekondari wakampita. Miguu ya Luciana ilikuwa imekataa, na Antipasi hakuwa na cha kumsaidia. Akawa wa tatu.

Luciana alikaa kwenye nyasi, akavua raba.

"Miaka ile ningewaacha mbali," alisema. "Ila miaka ile hawakuniita kambini."

Antipasi alijua akinyamaza sasa atanyamaza maisha yake yote.

"Walikuita," alisema.

Luciana aliziweka raba chini.

"Barua ilikuja. Ilipitia sanduku la posta la shule, mwalimu mkuu akanipa nikuletee. Niliogopa ukienda kambini hutarudi kwangu. Nikaichoma. Halafu nikashindwa kukutazama usoni, ndiyo maana nikaondoka."

Alidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Ilisemaje?"

"Luciana, naomba..."

"Uliisoma. Ilisemaje?"

Akamwambia alivyokumbuka: amechaguliwa, aripoti tarehe tano Agosti, aje na blanketi, sahani na kikombe. Luciana alisikiliza ameinamisha kichwa. Lilipotajwa neno kikombe, akaanza kulia.

Jumapili mbili baadaye Gervas alikwenda na Antipasi kwa Mzee Philipo kupanga siku ya ndoa. Luciana hakuwa amemwambia mtu. Aliwaamkia, akakaa.

"Mwanangu, tupange lini?" Gervas aliuliza.

Luciana alimtazama Antipasi, kisha akamgeukia Gervas.

"Njooni mwakani, baba."

"Mwakani? Kuna nini?" Mzee Philipo alishtuka.

Antipasi alifungua mdomo aseme yote mbele ya wazee. Luciana akamtikisia kichwa.

"Hakuna kitu, baba. Mwakani tu."

Alitoka. Antipasi akamfuata nje.

"Niambie la kufanya. Lolote, nitafanya."

"Hakuna la kufanya," Luciana alisema. "Ningekuchukia ningepumzika. Nimejaribu, nimeshindwa."

"Na mwakani utakuwa umenisamehe?"

"Sijui, Antipasi. Kweli sijui."

Uani kulikuwa na lundo la vichwa vikavu vya alizeti. Luciana alikaa chini, akachukua fimbo, akaanza kuvipiga. Antipasi alisimama hajui pa kuiweka mikono yake. Mwishowe akatafuta fimbo nyingine, akakaa upande wa pili wa lundo. Luciana hakumfukuza, wala hakumtazama. Walipiga alizeti mpaka ng'ombe waliporudi kutoka malishoni.