Sauti ya Signe Ndani ya Sello

Jumapili moja ya Novemba, Holger Amstrup alikula mkate mweusi na samaki wa siki, akajifuta masharubu, akakaa kupiga sello, ile fidla kubwa inayoegemezwa kifuani. Mkewe Signe alikuwa amezikwa kiangazi. Upinde ulipogusa nyuzi, sello ilikohoa, kisha ikaimba kwa sauti ya Signe.

Ebbe Krag, daktari wa meno aliyekuja kupiga naye fidla, alisikiliza kidogo.

"Kifua chake bado hakijapona," alisema.

"Ni baridi ya chumba hiki," Holger akajibu, akaongeza kuni. Wakaendelea.

Mji wake wote wa Svendborg ulimjua Holger kwa muziki wake wa sebuleni, muziki wa watu wanaokumbuka nyumba walizohama. Copenhagen haikumjua. Sasa mchapishaji wa huko alikuwa ameutaka utunzi wake mpya wa ala tatu.

Dagny, mdogo wake Signe, alileta keki ya tufaha. Alisikiliza akiwa wima, hajavua koti.

"Shemeji, wimbo huo ni wa dada. Aliutunga akipiga pasi. Na ule wa mwaka jana pia."

"Najua."

"Basi andika jina lake."

"Nani atanunua muziki wa mama wa nyumbani? Usinichekeshe, Dagny."

"Ulipokuwa ukimvizia mlangoni na penseli yako, mbona hukucheka?"

Holger alikata kipande cha keki, akala.

Holger alipokwenda Copenhagen kuupiga utunzi huo, ukumbi ulijaa. Katikati ya sehemu ya polepole, sello ilisema waziwazi, "Holger, huu ni wangu." Mama mmoja wa safu ya mbele alitoa leso. Upinde wa Holger haukusimama. Watu walinyanyuka wakapiga makofi, naye akainama. Gazeti likaandika kwamba Bwana Amstrup ana kipaji cha ajabu cha kuelewa uchungu wa wanawake.

Tangu siku hiyo hakuthubutu kuigusa sello akiwa peke yake.

Muziki ulichapishwa kwa jina la Holger. Alhamisi moja, Holger akiwa ghorofani anatia saini nakala, Dagny aliingia sebuleni, akaiegemeza sello kifuani. Aliisimulia habari za watoto wake, za paa linalovuja, za Ebbe anayetaka kuoa tena. Kupiga hakujua. Alivuta upinde ovyo tu, ili dada yake apate kujibu.