Ubalozi Uliokataliwa kwa Adabu

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi Onodera wa Wizara ya Mambo ya Nje alimwita Hamaguchi Shigenori ofisini, akamwambia bila kuzunguka kwamba kiti cha balozi wa Japani nchini Benin kiko wazi na aliyefikiriwa ni yeye.

Hamaguchi alikuwa amekingoja kiti hicho maisha yake yote ya kazi. Visima vya Niger, mpunga wa Senegal, malaria za Cotonou huko huko Benin, vyote vilielekea huko, na kustaafu kulikuwa kunakaribia. Kwa hiyo aliinama, akajibu kama mtu yeyote wa Tokyo aliyelelewa vizuri.

"Mzigo huo ni mkubwa kuliko mimi. Sistahili."

Desturi ilimtaka mkubwa asisitize, yeye akatae tena kwa sauti ya chini zaidi, kisha akubali kana kwamba analazimishwa. Lakini Onodera alikuwa amerudi juzi tu kutoka Lagos, alikokaa miaka mingi, na kule mtu akisema hataki, sahani yake hupewa mwingine.

"Sawa," alisema. "Asante kwa kusema kweli."

Jioni nyumbani mke wa Hamaguchi, Kazuyo, aliacha kumenya figili.

"Umekataa ubalozi?"

"Sikukataa. Nilisema sistahili."

"Naye akasemaje?"

"Akakubaliana nami."

"Basi mmeelewana vizuri. Kesho nenda mkagombane."

Asubuhi alimkuta Mizushima, mwenzake wa idara, akitoka kwa mkurugenzi uso umempauka.

"Kaniita kuhusu Benin," Mizushima alinong'ona. "Nikamwambia wapo wanaostahili zaidi yangu."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza ni akina nani."

Hamaguchi aliingia. Onodera alikuwa ameshika kichwa.

"Hebu nieleze, Benin kuna nini? Umekataa wewe, kakataa Mizushima, na Kinoshita kaniambia yeye ni mjinga. Nimeanza kuulizia kama kuna ugonjwa."

"Mkurugenzi, kama haitakuwa usumbufu, na kama bado hajapatikana mtu anayefaa…"

"Hamaguchi. Sokoni Cotonou ulikuwa unanunuaje samaki?"

"Nilikuwa nasema namtaka yule."

"Haya, sema."

"Nautaka ubalozi wa Benin."

Kwa Kijapani, hakuwa amewahi kujisikia akisema hivyo. Onodera alikuwa tayari ameshanyanyua simu ya ofisi ya waziri.

"Nimempata," alisema, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Nenda nyumbani, Hamaguchi. Watu wakikupongeza, usijibu kitu."