Kaburi la Nane

Swali la tisa ndilo lililoleta balaa. Yale mengine yalikuwa ya kukosesha watu usingizi tu: nani aliufunga mnara kwa ndani, mtoto wa malkia yuko hai au la, yule mvushaji asiye na uso majina anayowatoza abiria wake huyapeleka wapi. Gemu lenyewe mashabiki waliliita Nchi ya Chumvi. Lilikuwa limeisha vibaya, likaacha milango wazi kila upande, na sasa sehemu ya pili ilikuwa inatoka Novemba. Watengenezaji walikuwa wametangaza kwamba mashabiki wa kila nchi wakusanye maswali yao kumi na kuyatuma.

Grupu la mashabiki wa Tanzania lilikuwa na watu mia nne na kitu. Kazi ya kuandika maswali walimpa Hironimus Ngonyani wa Songea, mwenye banda la gemu kwenye barabara ya Matogoro. Hakuna aliyebisha. Hironimus alikuwa na kalamu inayouma, na mtu aliyebishana naye usiku aliamka asubuhi akiwa kichekesho cha grupu zima. Alijua hivyo, na hakujificha kwamba anajua.

Swali la tisa lilihusu makaburi. Kwenye bonde la mwisho la Nchi ya Chumvi kulikuwa na makaburi saba yenye majina na la nane lililo wazi, na pembeni mchimbaji aliyeegemea sepetu yake bila kusema neno. Mashabiki wote waliamini kwamba ni bubu. Hironimus aliliandika swali kama wenzake walivyotaka: la nane ni la nani? Lakini mwenyewe alijua zaidi. Mchimbaji huyo alikuwa na sentensi moja, na waliowahi kuisikia walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake Eusebi.

Iliwachukua saa mia tatu na zaidi kuisikia. Sharti lake lilikuwa gumu: mchezaji asimtaje mtu yeyote kwa mvushaji tangu mwanzo hadi mwisho, kisha aende kaburini na taa imezimwa. Siku ile mchimbaji aliinua uso, na maneno ya Kiingereza yakatokea chini ya skrini. Eusebi aliyatafsiri polepole: "Wa nane alikuja kwa miguu yake mwenyewe." Walibishana wiki nzima juu ya maana yake, kisha wakaapiana kwamba hawatamwambia mtu.

Mwezi uliofuata Eusebi aliiweka mashine yao ya gemu kwenye mkoba, akapanda basi la Namtumbo. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, kufungua banda la gemu kijijini kwa baba mdogo Urbani, maana msimu wa tumbaku huwa na watu. La pili alimwambia mdogo wake peke yake: kumuuliza baba mdogo lini atalirudisha shamba la marehemu baba yao Kajetani, ambalo alikuwa akililima tangu msiba. Konda alikumbuka kumteremsha Namtumbo mchana. Baba mdogo Urbani alisema alimsubiri mpaka giza likaingia na hakumwona. Polisi waliandika, redio ilitangaza, jumuiya ilisali. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Mama yao, Notburga, alikataa matanga yaanuliwe. Mwanangu hamjanionyesha, alisema, mnataka nimlie nani. Nguo za Eusebi zikabaki kwenye sanduku la bati, na kila wiki aliziweka juani. Lakini mwaka huu baba mdogo Urbani alikuja mara mbili kutoka Namtumbo kumsihi. Alisema marehemu asiyeanuliwa matanga anaufunga ukoo mzima, mashamba hayagawiki, vijana hawaoi. Mama alichoka. Jumamosi hii nguo zingegawiwa, na Hironimus, kama mdogo mtu, angevishwa koti la kaka yake mbele ya wote. Baada ya hapo hakuna ambaye angemtafuta Eusebi tena.

Jumanne mchana, siku nne kabla, ndipo mtu aliyejiita Binti Chumvi alipojibu swali la tisa kwenye grupu. Aliandika kwa kifupi kwamba mchimbaji si bubu, yeye amemsikia.

Hironimus alijua kwamba inawezekana, lakini kiburi kikamshika. Akaandika kwamba grupu hili si kilabu cha pombe, kila mlevi na ndoto yake. Watu wakacheka. Binti Chumvi akajibu kwamba anasema kweli. Hironimus akamalizia: "Weka picha au kaa kimya. Hapa wanaongea waliofika, si waliosimuliwa."

Picha ilikuja baada ya dakika ishirini.

Ilikuwa imepigwa kwa simu mbele ya runinga ndogo. Mchimbaji alikuwa ameinua uso. Maneno yalikuwepo chini, yale yale. Na juu kwenye kona, pale mashine inapoandika jina la mchezo uliohifadhiwa, kulisomeka: SEBI NA HIRO.

Hironimus aliiweka simu juu ya meza, akaifunika kwa daftari. Kwenye runinga ya banda vijana waliendelea kupigiana mipira, mmoja akimsuta mwenzake kwamba kipa wake ana mikono ya siagi. Jina lile waliliandika wao wawili, wamekaa kwenye mkeka wa mama, na hawakulitumia kokote isipokuwa ndani ya mashine ile. Hakuna njia ya kuunakili mchezo ule. Aliye nao ana mashine. Aliye na mashine alimwona Eusebi, au alimwona aliyemwona.

Alikwenda mlango wa pili kwa Saleh, fundi simu, mtu wa Tunduru ambaye mzaha haukumwisha mdomoni hata akiwa na homa. Saleh aliitazama picha muda mrefu bila mzaha wowote. Akaipeleka kwanza kwenye simu yake mwenyewe, kwa usalama. Kisha akaichukua namba ya Binti Chumvi, akaiingiza kama mtu anayetaka kutuma pesa, akasubiri jina la mwenye laini litokee kabla ya kuthibitisha.

Jina lilitokea. Saleh akaufuta muamala, akamgeuzia kioo.

URBANI NGONYANI.

"Baba mdogo hajui hata kuwasha runinga," Hironimus alisema.

"Ana binti?"

Alikuwa naye. Severina, wa kidato cha nne, ambaye Hironimus hakuwa amemwona tangu akiwa na meno ya utoto. Baba alikuwa amemsajilia laini kwa kitambulisho chake mwenyewe, kama wazazi wengi, na hakuwaza zaidi ya hapo.

Hironimus alitaka kwenda Namtumbo saa ile ile. Saleh alisimama mlangoni kwa mwili wake wote. Alimwambia atumie akili: akifika kule akipiga kelele, mashine itaingia motoni kabla hajateremka kwenye bodaboda. Akienda polisi na picha ya gemu peke yake, watamwuliza kama mchimbaji naye aitwe kutoa ushahidi. Na yule binti asiulizwe kitu, maana mtoto akiulizwa jambo humwuliza baba yake. Ukoo wote unakuja Jumamosi. Asubiri.

Hironimus, ambaye hajawahi kusubiri kitu maishani mwake, alisubiri siku nne. Alimtazama mama akikoroga pombe ya komoni kwenye pipa na hakumwambia. Kila alipopita karibu na lile sanduku la bati alihisi kama kuna mtu ameketi juu yake.

Jumamosi ilikuja na mawingu mazito juu ya milima ya Matogoro. Baba mdogo Urbani alifika saa tatu, mrefu, kanzu nyeupe ya ukatekista wa kigango cha kanisa mkononi, na nyuma yake Severina akiwa amebeba unga kichwani. Hironimus alimwamkia. Shikamoo yake ilitoka kavu kama pumba.

"Marahaba, mwanangu." Urbani aliushika mkono wake, hakuuachia. "Nasikia siku hizi wewe ndiye mwandishi wao huko kwenye masimu. Unauliza maswali."

"Ya gemu tu, baba mdogo."

"Ndiyo. Ya gemu." Akaachia mkono, akaenda kuketi na wazee.

Jikoni nyuma ya nyumba, wanawake wakiwa wamekwenda kuteka maji, Severina alimsogelea akiwa bado ana vumbi la unga kwenye nywele. Aliongea chini sana. Alisema amekuwa akijiuliza miaka mitatu Sebi na Hiro ni akina nani, na jana, alipomsikia mama yake akimtaja kaka Eusebi kwa ajili ya leo, kichwa kikamgonga.

"Ndiyo wewe Hiro wa kwenye mashine?"

Hironimus aliitikia kwa kichwa.

"Nilimuuliza baba jana. Nikamwambia, mashine uliyosema umeinunua kwa Mhindi mjini ina jina kama la kaka Eusebi." Akatazama mlangoni. "Aliichomoa, akaitoa nje. Leo asubuhi nimeona waya umeungua kwenye jivu la bani jipya."

Kwa hiyo Saleh alikuwa amesema kweli, na haikusaidia. Bani la kukaushia tumbaku limekula mashine. Kilichobaki ni picha, binti huyu, na mtu mzima anayejua kwamba anajulikana.

Saa tano wazee waliketi kwenye mikeka, sanduku la bati likawekwa katikati. Urbani ndiye mkubwa wa ukoo baada ya Kajetani, kwa hiyo ndiye aliyesimama. Alisali. Alimtaja Eusebi kwa mema. Alifungua sanduku, akatoa koti la kahawia, akalikung'uta, akamwita Hironimus aje avae.

Hironimus hakuinuka. Aliyesema ni shangazi Kunegunda, dada mkubwa wa Urbani na Kajetani, mwanamke wa miaka sabini asiyependa mambo yafanywe nusu.

"Urbani, umeruka. Hujauliza."

"Dada, mvua ile pale."

"Mvua itanyesha baadaye. Tangu lini nguo ya marehemu inavaliwa kabla ya kuuliza? Uliza."

Wazee waliguna kumuunga mkono. Ilikuwa desturi kila matanga yanapoanuliwa, hata watoto wanaijua. Urbani alisimama na koti mikononi. Aliangalia milima, akaangalia njia ya kutokea. Kisha akalitamka swali kwa haraka, kama anayetema kitu kilichooza. Mwenye kujua mali ya marehemu iliko, na iko mikononi mwa nani, aseme sasa mbele ya ukoo, au anyamaze siku zote.

Hironimus alisimama. Alikuwa ameandaa hotuba siku nne, yenye maneno ya kuchoma, na yote yalimtoka kichwani.

"Mali ya kaka, ile mashine ya gemu, ilikuwa nyumbani kwako, baba mdogo," alisema. "Mpaka jana."

Urbani alicheka kidogo, akasema mashine hizo ziko nyingi kama kuku, kijana amelewa michezo yake. Wazee wawili walianza kutikisa kichwa, maana ni kweli Hironimus alijulikana kwa mdomo. Yeye alivuka mikeka, akapiga magoti mbele ya mama yake, akampa simu.

Notburga hakujua kusoma maneno yale ya Kiingereza, na mchimbaji alimwona kama zimwi tu. Aliisogeza simu karibu na uso. Kidole chake kikateremka chini ya picha, pale ambapo Hironimus mwenyewe hakuwahi kutazama, mahali pedi ya kuchezea ilipolala kwenye mkeka. Waya wake ulikuwa umezungushiwa kipande cha kitenge chekundu.

"Panya waliutafuna," mama alisema taratibu. "Nikaushona kwa uzi mweupe kwa sababu mweusi ulikwisha. Huu ni mkono wangu."

Alimpa shangazi Kunegunda simu. Kunegunda akatazama, akampa aliyemfuata. Ilizunguka mikeka yote, na kila ilipopita, watu waligeuza shingo kumtazama Urbani. Severina alikuwa amejifunika uso kwa khanga mlangoni mwa jiko.

Mama aliinuka. Alilichukua koti kutoka mikononi mwa shemeji yake, kwa upole, kama anavyovuliwa mgeni.

"Shemeji. Mwanangu alifika kwako?"

Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa, moja moja. Hakuna aliyekimbilia ndani. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wameshasimama kwenye njia ya kutokea. Urbani alitazama mikono yake mitupu.

"Sikumwita mimi," alisema. "Alikuja kwa miguu yake mwenyewe."

Hironimus aliyatambua maneno yale: ya mchimbaji, neno kwa neno. Alitaka kumfuata kwa maswali, yeye bingwa wa maswali, lakini mama alitangulia. Alilikunja koti mara mbili, akalirudisha kwenye sanduku, akafunga kifuniko na kuketi juu yake na mvua ikimlowesha.

"Matanga hayajaanuliwa," aliwaambia wote. Kisha akamgeukia Severina. "Mwanangu, usiogope. Njoo hapa uniambie. Bani lile la zamani kule kwenu, baba yako aliacha lini kulitumia, mwaka ule Eusebi alipopotea?"