Vikapu Vilivyopanga Foleni

Duka lenyewe lina jina refu, limeandikwa kwa herufi nyekundu juu ya mlango, lakini sisi wote tunaliita Kutupa. Bei zake ni za kutupa, na viatu vyake, ukivivaa siku mbili tatu, navyo ni vya kutupa. Sisemi kwa ubaya. Mimi ni fundi viatu, na benchi langu liko ukutani, kando ya mlango huohuo. Mtu ananunua ndani, soli inaachama mdomo, analeta nje. Kama si Kutupa ningeshafunga kazi zamani. Kila asubuhi nikipanga nyundo na sindano zangu, nawaombea wanaoviunda vile viatu, popote walipo, wasije wakajifunza kazi.

Ufundi huu niliurithi kwa marehemu mume wangu. Nduguze walipokuja kugawana vitu walibeba kitanda, redio na baiskeli, wakaniachia sanduku la zana kwa sababu lilikuwa zito. Waliondoka wakicheka. Siku hizi wanakuja kushonesha viatu vyao kwangu, nami nawakaribisha vizuri sana, halafu nawatoza bei ya wageni.

Tulijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Baba yake alimwita Msumari tangu akitambaa, maana ukimwinua pale alipokaa alilia mpaka umrudishe palepale. Jina likamganda. Leo Msumari ndiye keshia wa Kutupa, na ninaposema "ndiye" sijakosea, kwa sababu hakuna mwingine. Mashine za kulipia ziko mbili, lakini ya pili imefunikwa nailoni tangu duka lifunguliwe, na juu ya nailoni wamerundika maboksi ya sabuni. Msumari huyohuyo anapokea malipo, anapanga rafu, anapiga deki, anafungua mizigo stoo, anapokea simu. Kiti hana. Makao makuu wanasema keshia aliyekaa anaonekana mvivu. Ukutani nyuma yake wamebandika bango: "Tabasamu letu ni bure." Bure kweli, maana hakuna anayelilipia.

Mteja naye ana yake. Matoroli ya mizigo ambayo haijafunguliwa yameziba njia, ukitaka dawa ya meno unapita ubavu ubavu kama kaa. Bei ya kwenye rafu na bei inayotoka kwenye mashine hazijawahi hata kusalimiana. Ukishajipatia kitu chako, unakuta foleni imeanzia kwenye mashine mpaka kwenye ndoo za plastiki, na feni imekufa.

Ndipo watu wakabuni njia yao. Ukimaliza kuchukua vitu, unaweka kikapu chako sakafuni nyuma ya kikapu cha mwisho, unatoka nje, unakaa kwenye benchi langu. Kikapu kinakupangia foleni. Anayelipa anavisogeza vya nyuma kwa mguu, na Msumari anapaza sauti: "Mwenye sufuria ya kijani, zamu yako!" Nawe unainuka, unajinyoosha, unaingia. Hajawahi kutokea mtu akaruka kikapu cha mwenzake. Watu hawahawa, ambao wakiona kiti kimoja hospitalini wanataka kutoana roho, pale ndani wanakiheshimu kikapu kama mkwe.

Hata mimi, mama mtu, sikupewa upendeleo. Siku moja niliishiwa gundi huku mteja ananisubiri mguu mmoja peku, nikaingia na kujipenyeza mbele nikimkonyeza mwanangu. Msumari hakuinua hata macho.

"Mama, kikapu chako kiko wapi?"

Duka zima likacheka. Nikarudi mlangoni kuchukua kikapu, nikakiweka mwisho, kina kopo la gundi tu, kimejaa aibu. Niliudhika. Lakini udhia wenyewe ulikuwa na utamu ndani yake, kama kidonda kinachopona kinavyowasha.

Aliyekuwa akimsumbua zaidi ni Fundi Bomba, mtengeneza mabomba wa mtaa wetu, mtu mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. "Hili ni duka au ni mahabusu?" angeanza hivyo kila akiingia. "Dada, nimeingia humu kijana, natoka mzee!" Msumari angemjibu, "Basi ukitoka utapata heshima, Fundi." Mwisho Fundi Bomba akapiga ile namba ya malalamiko iliyo chini ya risiti. Haikuchukua muda Msumari akaitwa makao makuu, akaambiwa: lalamiko moja lingine, na kazi huna.

Jioni hiyo aliniambia akiwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Mwanangu," nikamwambia, "funika kombe mwanaharamu apite. Ukiambiwa omba radhi, wewe omba. Radhi si gunia, haimvunji mtu mgongo."

"Kwa kosa langu nitaomba, mama."

"Na lisilo lako?"

Akatoa miguu, akaifuta, akamwaga maji ya beseni. Nikavuta viatu vyake nikaanza kuvibandika soli mpya za mpira wa gurudumu. Nilijua ukaidi ule. Ni wa baba yake. Na nilijua pia kwamba nyundo yangu peke yake haitoshi kulipia nyumba, kwa hiyo niligonga misumari ile nikiwa na hofu.

Sasa sikiliza mambo ya mwisho wa mwezi ule. Joto lilikuwa kali, vikapu vimejipanga kutoka kwenye mashine mpaka nyuma ya mafagio, na wenye vikapu wote wako nje kwangu. Fundi Bomba alikuwepo, na Mwalimu, bibi mstaafu mwenye magoti mabovu, ambaye hakuna asiyemfundisha, hata mimi hunifundisha kushika sindano. Fundi Bomba alikuwa ameagiza utepe wa kuzibia maungio ya mabomba, na utepe ulikuwa stoo, chini ya mizigo yote iliyoshindwa kupata mtu wa kuifungua. Msumari akaenda kuuchimba. Mashine ikabaki peke yake na vikapu vyake.

Hapo ndipo akapita bwana mmoja, shati jeupe, koti mkononi, akaingia ndani. Kupitia kwenye kioo tulimwona akisimama katikati ya duka na kugeuka huku na huku. Akatundika koti lake kwenye toroli, akakunja mikono ya shati, akaanza kupanga bidhaa kwenye rafu.

Mkono wangu ulisimama na sindano hewani. "Jamani! Wameleta mtu!"

"Wapi?" Fundi Bomba akainuka, akabandika pua kwenye kioo. "Kweli! Tena anachapa kazi! Kaka, hongera kwa kazi mpya! Komaa hapohapo, dada yetu amechoka!"

Yule bwana akasikia, akatupungia mkono. "Asanteni, asanteni!"

"Ana adabu," Mwalimu akasema. "Angalia, sabuni anazipanga kwa rangi. Huyo alilelewa."

"Shati lenyewe limepigwa pasi," nikasema. "Ngoja wiki moja, atakuwa analipigia deki."

"Fundi, una binti," Fundi Bomba akanichokoza.

"Binti yangu hana nafasi ya kuposwa. Akiletewa posa atasema, wekeni kikapu kwenye foleni."

Tukacheka mpaka benchi likalia. Tulimwangalia akienda na kurudi, na kila aliporudi tulimshangilia. Mwalimu aliposimama kunyoosha magoti akachungulia ndani, na ghafla kicheko kikamkatika.

"Mbona vikapu vyetu ni vitupu?"

Tuliingia wote kwa pamoja, mlango nusura ung'oke. Vikapu vilikuwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine, mnara mzuri, vitupu kabisa. Yule bwana alikuwa anapangusa mikono, uso unang'aa, mtu aliyetenda wema.

"Karibuni, wateja wapenzi," akasema. "Samahani kwa fujo mliyoikuta. Nimekuta bidhaa zimetelekezwa sakafuni, hakuna hata mtu mmoja."

"Zimetelekezwa?" Fundi Bomba akapata sauti yake yote. "Ile ilikuwa foleni!"

"Foleni ya nani?"

"Yangu! Mimi nilikuwa wa nne!"

"Wa tano," Mwalimu akamsahihisha. "Wa nne nilikuwa mimi. Baba, umechukua vitu vyangu umevipeleka wapi? Nilizunguka na magoti haya tangu asubuhi!"

Kelele ikapanda. Msumari akatokea stoo, nywele zimejaa vumbi, utepe wa Fundi Bomba mkononi. Akaona mnara wa vikapu. Akamwona bwana mwenye shati. Nikamwona akimtambua, nami nikajua tumekosea, kwa sababu mtu hamtambui mfanyakazi mpya kwa kusimama wima namna ile.

"Shikamoo, bosi," akasema.

Ndiye msimamizi wa kanda. Tulikuwa tumemshangilia mtu mwenye kisu.

Sitamsingizia: hakuwa mtu mbaya. Alianzia chini, kwenye rafu, na mikono yake ilikumbuka kazi. Lakini kuna watu dazeni nzima wanampigia kelele, jasho linamtoka, naye akashika njia iliyo karibu.

"Dada," akamwambia Msumari, "umeacha mashine, umeacha bidhaa sakafuni. Hili ni lalamiko, na rekodi yako tunaifahamu. Waombe radhi wateja kwa kuvurugiwa vikapu vyao, tuyamalize hapa."

Nilikuwa nyuma ya Mwalimu. Nikamtolea mwanangu macho, nikamwonyesha koo langu kwa kidole: meza. Meza, mwanangu. Lilikuwa neno moja tu, na kazi ingebaki, na nyumba ingelipiwa.

Msumari aliniona. Akatazama watu, kisha akamgeukia bosi, sauti yake ya kawaida kabisa, ileile ya "mwenye sufuria ya kijani".

"Wateja wangu, naomba radhi kwa kuwasubirisha. Nilikuwa stoo, na kwenye mashine sikuwepo. Hilo ni langu." Akavuta pumzi. "La vikapu si langu, bosi. Sikuvimwaga mimi."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Na sikulaumu, maana mgeni yeyote angeona vile angefanya hivyohivyo. Ungeniuliza ningekwambia. Lakini kwa kosa lako sitaomba radhi mimi."

Niliogopa, na juu ya woga huohuo kukaja kitu kingine, kikajaa kifuani mpaka nikakosa pa kukiweka. Nikajikuta nimenyoosha shingo kama jogoo.

Fundi Bomba akajisogeza mbele.

"Subiri kwanza. Rekodi gani?"

"Kuna mteja alipiga simu kumlalamikia," bosi akasema.

"Mteja gani? Mimi ndiye niliyepiga! Na sikumlalamikia huyu! Nililalamikia foleni! Nilisema, kwa nini binti wa watu anafanya kazi ya watu wanne na ile mashine imevalishwa nailoni kama maiti? Hayo mkayageuza kuwa kosa lake?" Akamgeukia Msumari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ya chini. "Dada, haki ya Mungu, sikujua."

"Sasa umejua, Fundi," Msumari akasema. "Utepe wako huu hapa."

Bosi alijipangusa uso. Akaenda kwenye mashine ya pili, akashusha maboksi ya sabuni, akavua nailoni. Tukapiga makofi. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akainama chini ya meza, akakaa huko muda, akatoka macho mekundu.

"Haina waya."

"Waya umeenda wapi?" Mwalimu akauliza, kama anayeuliza darasa.

"Tuliupeleka tawi jingine," akasema bosi. Kisha, kwa shida, "Niliupeleka mimi."

Jamani, tulicheka. Hata yeye, mwishoni, mabega yalimtikisika. Msumari peke yake hakucheka, alikuwa amesharudi mahali pake nyuma ya mashine.

"Bosi," akasema, "vitu umevipanga wewe, wewe ndiye unayejua ulikoviweka. Wateja watakutajia, utawaletea. Mimi nitapokea malipo. Tuanze na Mwalimu."

Nikadhani sasa basi, kazi imekwenda. Lakini yule bwana alitazama ule msururu wa watu, akatazama mikono yake, akachukua kikapu kimoja kwenye mnara. "Mwalimu, unataka nini?"

Mwalimu alitaka vitu vingi, na alimfundisha njia kila hatua. Bwana alipita ubavu ubavu kati ya matoroli yake mwenyewe, shati likanasa, likachanika begani. "Pole, baba," Mwalimu akamwambia, "sisi tumeshazoea." Bei ya kitana ilipokataa kufanana na ya kwenye rafu, aliletwa mwenyewe aone, na wote wawili, bosi na kitana, walionekana kuona aibu. Mpaka mteja wa mwisho anaondoka, alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya Kutupa. Na kweli, nilipotazama miguuni kwake, ndivyo alivyovaa. Soli ilikuwa imeachama.

Nilimshonea. Nilimtoza bei ya mgeni.

Alipokuwa ananisubiri peku kwenye benchi aliniuliza, "Mama, yule binti unamjua?"

"Namjua kidogo," nikasema.

"Ana kichwa kigumu."

"Nasikia ni cha kurithi."

Akacheka, akavaa kiatu. Kabla hajaondoka alirudi ndani, akazungumza na Msumari mlangoni pa stoo. Onyo likafutwa, hilo aliniambia mwanangu mwenyewe, akiwa ameloweka miguu. Waya ukaja, na dada mmoja wa kusimamia mashine ya pili, ila asubuhi tu. Mchana nailoni inarudi. Feni bado imekufa. Kiti bado hakuna, Msumari anaendelea kukidai, nami simwambii tena ameze.

Juzi niliishiwa uzi. Nikaingia mchana, nikachukua kikapu, nikakiweka nyuma ya vingine bila kuambiwa, nikatoka nikakaa kwenye benchi langu kama mteja. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mgeni, anachungulia kwenye kioo.

"Huyo keshia," akaniambia, "mbona anasimama hivyo? Utadhani duka ni lake."

"Ni soli hizo, dada," nikamjibu. "Nimezibandika mimi."

Ndani, Msumari akapaza sauti: "Mwenye uzi mweusi, zamu yako!"

Nikainuka, nikajikung'uta aproni, nikaingia kulipa.